Chumba Chenye Mfereji

Alhamisi, siku mbili kabla ya mgeni wa Uingereza kufika Madale, Auleria alirudi kutoka dukani kwa Bahiya na vikombe sita vya kuazima, akamkuta fundi Isack amepiga magoti katika chumba cha chini, anamwaga zege ndani ya mfereji.

Akasimama mlangoni. Mfereji ule ulikuwa wake. Ulikata sakafu katikati kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, upana wa shibiri moja, kina cha vidole vinne, ukaishia kwenye tundu lililotoboa ukuta na kutokea nje. Sakafu yote ilitelemka kuufuata, hata kitanda cha wageni ilibidi kitiwe vibao chini ya miguu miwili ili anayelala asiamke yuko ukingoni. Yeye ndiye aliyeupiga deki kwa miaka tisa, tangu wahamie. Yeye ndiye aliyeteguka kifundo cha mguu humo, akachechemea Kwaresima nzima. Alimwomba mumewe uzibwe, akamwomba tena, na kila mara Gozbert alimjibu bila hasira, kama anayesoma tangazo la ofisini: nyumba ya asili ilikuwa hivyo.

"Shikamoo, mama," alisema Isack bila kuacha kusawazisha kwa mwiko.

"Marahaba. Nani amekwambia uzibe?"

"Mzee. Kanipigia asubuhi na mapema, anataka mpaka kesho pawe pameshakauka na marumaru juu. Nimemwambia haiwezekani, zege bichi halibebi marumaru. Kasema basi nizibe tu, ilimradi usionekane."

Ilimradi usionekane. Auleria aliyabeba maneno hayo pamoja na vikombe hadi jikoni.

Nyumba yenyewe ilijulikana kuliko wenyewe. Pale Madale watu hujenga kwa tofali za saruji, na wakipata nguvu wanapiga lipu na rangi. Mawe ni ya msingi tu, yakifika usawa wa goti kazi yake imekwisha. Gozbert, bwana mifugo mstaafu, alikuwa amejenga kwa mawe kutoka ardhini hadi kwenye kenchi. Wakati wa ujenzi wapita njia walikuwa wakisimama na kuuliza huo msingi utakwisha lini. Kila ukuta ulikuwa na unene wa futi mbili, na kwa kweli ulikuwa kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani, katikati vifusi na mawe madogo, na kila baada ya hatua chache jiwe moja refu limelazwa kukatiza zote mbili ili zishikane. Madirisha yalikuwa madogo, yamegawanywa kwa nguzo za mawe. Sebuleni kulikuwa na meko ya kuotea moto ambayo mtu mzima angeweza kuingia akiinama, na dohani lake likatokeza juu ya paa. Moto haukuwahi kuwashwa humo, ila popo walipapenda.

Kibao cha getini kiliandikwa Hawkgarth, jina la shamba la Uingereza ambako Gozbert alijifunza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa miezi tisa, mwaka themanini na tatu kuingia themanini na nne. Vijana wa bodaboda walilitamka Hokigati. Wengine, wale wasiomjali mzee, waliiita Ukonga Ndogo, kwa jina la gereza, kwa sababu ya ukuta na vile vidirisha, na abiria walishushwa pale kwa jina hilo huku Auleria akisikia, yuko njiani anatoka misani.

Hayo yote aliyazoea. Lililomshinda ni joto. Mawe yalilipokea jua mchana kutwa, kisha yakalirudisha polepole kitandani kwao ghorofani, na vile vidirisha havikupitisha upepo wa kuzima mshumaa. Miaka tisa aliomba dirisha pana. Jibu lilikuwa lile la mfereji.

Gozbert alikuwa nje, kwenye benchi, anafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi. Auleria hakupandisha sauti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne na alijua sauti ya chini huenda mbali.

"Baba Noela, mimi nimeomba miaka tisa."

"Najua."

"Leo umepiga simu moja."

"Mgeni anakuja."

"Kumbe dawa ilikuwa niwe mgeni," alisema Auleria, akarudi ndani.

* * *

Aliyemleta mgeni ni Noela, binti yao, karani wa kampuni ya bima mjini. Alikuwa ameipiga nyumba picha kwa mbele siku ya Pasaka, akaiweka mtandaoni na kuandika kwamba baba yake alijenga kwa kumbukumbu, bila ramani, nyumba ya Hawkgarth aliyoishi ujanani. Wiki tatu baadaye akaandikiwa na mwanamke aitwaye Helen. Alisema alizaliwa katika nyumba hiyo hasa, kwamba alipoiona picha alidhani mtu anamtania, na kwamba mwezi wa saba atakuja Tanzania kuangalia wanyama, atapita Dar, na angependa sana kuja kuigusa.

Noela alidhani baba yake atafurahi hadi kuinuka kitini. Badala yake mzee aliuliza ana umri gani. Noela alipokisia arobaini na nane, mzee alihesabu kwa vidole.

"Saba," alisema. "Alikuwa na miaka saba."

Kisha akatoka kwenda kumwagilia mchicha uliokuwa umekwisha kumwagiliwa. Kesho yake alimwambia Noela amwandikie mgeni kwamba nyumbani kuna msiba. Noela aliuliza msiba wa nani. Mzee hakuwa na mtu wa kumuua, na Noela alikuwa ameshajibu karibu sana.

Jambo hilo lilimsumbua Auleria. Miezi ile tisa alikuwa mwalimu kijana huko Muleba, mchumba wa Gozbert, na kila mwezi barua ilifika yenye stempu ya malkia. Barua zilihusu nyumba. Zilieleza unene wa kuta na rangi ya mawe mvua ikinyesha, meko ambamo gogo zima liliungua, ngazi, na chumba chake cha juu upande wa jua, chenye kitanda cha mbao nyeusi. Mama wa nyumba, aliandika, alimletea maji ya moto kila asubuhi. Baba yake Auleria alizipenda barua hizo hata akawa anaagiza zisomwe wageni wakija, na Gozbert aliporudi alikuwa tayari mkwe aliyelala katika nyumba ya mawe ya Wazungu, wakati watu wote wa ukoo walikuwa hawajalala hata chini ya bati. Mtu wa namna hiyo, mtoto wa nyumba ile anakuja kumtembelea, na anataka kusingizia msiba?

Alhamisi hiyo saa nne sementi ilimwishia Isack kabla ya kufika katikati ya mfereji. Gozbert akaondoka mwenyewe kwenda kununua mfuko. Auleria alisubiri hadi alipotokomea, akamwita fundi, akampa chai na viazi, kisha akamwambia aende nyumbani.

"Mzee atanigombeza, mama."

"Mwambie ni mimi. Mfereji umenisubiri miaka tisa, na huyo Mzungu wake ataukuta."

Gozbert alirudi na mfuko wake juu ya bodaboda. Aliuona mwiko uliooshwa, akaliona karai limefunikwa. Auleria alikuwa amejiandaa kwa maneno.  Mzee aliuegesha mfuko ukutani, akaenda sebuleni, akaubeba mkeka mkubwa peke yake, na magoti yale mabovu, akautandika juu ya nusu iliyobaki wazi. Kisha akasukuma kitanda kiukalie mkeka. Alikuwa anahema. Auleria aliyemwona kupitia mlango alisahau kidogo kwamba amekasirika.

* * *

Jumamosi saa tano Noela alifika na mgeni kwenye gari lake dogo. Helen alikuwa mwanamke mwembamba, shingo imeungua na jua la mbugani, viatu vya kupandia mlima. Alishuka getini badala ya kusubiri gari liingie. Alitembea hadi kwenye ukuta wa mbele, akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe, na akakaa hivyo. Vijana wawili wa bodaboda walizima pikipiki zao ili watazame vizuri.

Gozbert alivaa suti ya kijivu. Alimpa mkono mgeni na kumkaribisha kwa Kiingereza cha upole, kilichonyooka. Helen alimwambia kwamba hangeweza kumtambua, ila anamkumbuka. Akayaonyesha yale mawe marefu yaliyotokeza ncha ukutani, akauliza amewezaje kukumbuka nafasi zake. Mzee alijibu kwamba majira ya kuchipua alisaidia kujenga upya ukuta wa uani, na baba yake Helen ndiye aliyemfundisha kwamba ukuta usio na mawe ya namna ile hupasuka tumbo. Helen alicheka, akasema ndivyo alivyosema baba yake, kwa maneno yayo hayo.

Auleria alitembea nyuma yao, mikono juu ya khanga kiunoni. Watu wengi hudhani mwalimu wa zamani wa shule ya msingi hajui Kiingereza. Alifundisha darasa la tano Kiingereza miaka kumi na tisa. Hakukisema vizuri, ila alikisikia chote, na Noela, aliyekuwa akimtafsiria, hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Nje, mgeni hakukuta kosa hata moja. Alizunguka nyumba nzima akitaja kila kitu kama anayesoma majina kwenye daftari la shule. Maajabu yalianza ndani. Sebuleni meko yalikuwa sawa, kimo na upana, lakini Helen aligeuka geuka, akauliza ngazi ziko wapi. Kwao, alisema, ngazi zilijificha nyuma ya mlango mdogo kando ya meko. Hapa zilikuwa upande wa pili, wazi. Ghorofani ndiko alikopotea kabisa. Kwao kulikuwa na vyumba vinne vidogo vilivyopitana, hapa palikuwa na viwili na ukumbi. Alisema kwa upole kwamba mzee ameiboresha. Gozbert alikubali kwa kichwa. Alikuwa anatoka jasho, na suti ilianza kuonyesha mgongoni.

Waliposhuka, Gozbert alinyoosha mkono kuelekea mezani, kwenye chai. Helen hakuuona mkono. Alikwisha kupinda kona, akashuka vidato viwili na kuingia chumba cha chini bila kuonyeshwa, kama mtu anayekwenda chooni kwao.

Humo alisimama katikati. Aliangalia juu, kwenye nyufa nyembamba za hewa zilizopangwa ukutani. Aliangalia vibao chini ya miguu ya kitanda. Akapiga hatua, na mguu wake ukabonyea ndani ya mkeka. Aliinama, akaukunja mkeka, akauona mfereji, nusu mtupu na nusu una zege la juzi.

Akasema jambo refu, taratibu, na mkono ukamwenda mdomoni.

"Anasemaje?" Auleria aliuliza.

"Anasema ni kama kwao," alisema Noela.

Tafsiri ilikuwa fupi mno. Mgeni alikuwa amesema kwamba hili ni zizi. Kwamba kwao upande huu wa nyumba ulikuwa wa ng'ombe, chini ya paa moja na watu, nyufa zile zilikuwa za kutoa mvuke wao na mfereji ule ulikuwa wa mkojo na samadi. Na kwamba kila kitu humu, tofauti na ghorofani, kilikuwa sawasawa, hata hatua kutoka mlangoni.

Neno hilo la zizi, kwa Kiingereza, lilikuwamo katika kitabu cha darasa la tano, pamoja na picha. Auleria alimtazama mumewe. Mtu huyu alikuwa amechora mazizi ya serikali kutoka Karagwe hadi Morogoro. Alikuwa akiwaeleza wafugaji kwa sentimita na inchi jinsi ya kuchimba mfereji wa samadi. Hakuna namna aliujenga mfereji ule asijue ni nini. Aliujua siku ya kwanza. Aliujua kila mara alipouambia mguu wa mkewe ulioteguka kwamba nyumba ya asili ilikuwa hivyo.

Helen naye alikuwa anakumbuka, na kumbukumbu ilikuwa inamfikia vibaya. Alisema, sasa kwa sauti ndogo, kwamba yeye na kaka yake walikuwa wakileta birika la maji ya moto humu asubuhi. Waliambiwa na mama yao kwamba kwao Gozbert watu hulala na ng'ombe, kwa hiyo ameomba mwenyewe alale hapa.

"Sikuomba," alisema Gozbert.

Alilisema kwa Kiingereza, kwa adabu ileile ya getini.  Noela alikodolea macho sakafu. Helen alisogea, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akasema anasikitika, akalirudia, na Gozbert akasema ahsante, ni zamani sana. Hapo Auleria, kwa Kiingereza chake cha ubaoni, akasema chai inapoa.

Noela aligeuka kumtazama mama yake kama aliyeona jiwe limesema.

* * *

Mezani hali ilikuwa nzito mpaka Auleria alipouliza, kupitia kwa Noela kwani alikwisha kuchoka na sarufi, kile chumba sasa kina nini. Helen alisita, akatoa simu. Wazazi walifariki, shamba liliuzwa, na wenye nyumba wapya hupangisha watalii. Kwenye picha, ukuta wa zizi ulikuwa umebomolewa upande mmoja na kuwekwa kioo kitupu kutoka sakafu hadi dari, na mahali pa mfereji kulikuwa na zulia jeupe. Ndicho chumba cha bei kubwa kuliko vyote. Gozbert alivaa miwani, akauliza ni kiasi gani kwa usiku. Alipotajiwa aliuliza tena. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani, na Helen akacheka kwa kuogopa, na skonzi zikaanza kuliwa.

Saa tisa Noela alimrudisha mgeni hotelini. Gozbert hakuingia sebuleni. Auleria alimkuta chumba cha chini, ameketi kitandani, koti la suti limekunjwa magotini. Aliketi upande wa pili, ule wenye vibao.

Alimwacha aanze mwenyewe. Mzee alieleza kwamba usiku wa kwanza alipandishwa kweli chumba cha juu, akaweka sanduku chini. Nusu saa baadaye akaitwa, akaambiwa paa linavuja. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja na hakukuwa na tone la mvua. Alishushwa hapa, ng'ombe upande mmoja wa mfereji, yeye upande wa pili kwenye kitanda cha chuma, na aliambiwa apite mlango wa uani. Ndani alikuwa akiingia kupeleka kuni mekoni. Alikaa mbele ya meko yale mara moja tu, siku ya Noeli, akiwa na sahani mapajani. Hawakuwa watu wabaya, alisema. Baba yake Helen alimfundisha kila alichojua. Ila usiku wa kwanza huohuo alikaa kumwandikia mchumba wake, na mkono ulipofika mahali pa kueleza analala wapi, ukaandika chumba cha juu.

"Ningekuandikia nini? Baba yako angesoma nini mbele ya watu?"

"Ungeandika ulivyolala."

"Ningerudi bila mke."

Auleria alifikiri, akaona huenda ni kweli. Baba yake alikuwa mtu wa kupima mkwe kwa macho ya jirani.

Mzee aliendelea. Barua ya kwanza ililazimisha ya pili. Alipostaafu, na kila mtu wa ukoo alikuwa anajua nyumba ile kwa barua, alitaka iwepo mahali, isimame. Alijenga nje kwa alichokiona na chumba hiki kwa alichokilalia. Kwingine alikisia. Hakuweza kukikisia hiki. Alijaribu kumwambia Isack asiweke mfereji, lakini sakafu ikawa si yenyewe, akaamuru ichimbwe.

"Baridi ya kule usiione," alisema. "Walio juu walikuwa wanatetemeka, nawasikia wanakohoa. Mimi nilikuwa na joto la ng'ombe. Humu ndimo sikuumwa."

Auleria aligusa kibao cha kitanda kwa kisigino. Huruma ilikuwa imemjaa, na alijua itakaa. Lakini chini ya huruma kulikuwa na jambo jingine, nalo lilipanda likafika mdomoni.

"Kwa hiyo madirisha ya ghorofani hukuwahi kuyaona."

"Niliyaona. Kwa nje."

"Umeniziba hewa miaka tisa kwa madirisha uliyoyaona kwa nje."

Gozbert aliliweka koti kando. Safari hii hakusoma tangazo la ofisini. "Ndiyo," alisema. Kisha, akiongeza neno la heshima la kwao, "Nisamehe, waitu."

Katika ndoa yao neno nisamehe lilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Auleria alilipokea, akaliweka, akamwambia Jumatatu Isack atakuja, na atakayechora dirisha ni yeye.

* * *

Walikubaliana kuhamia chumba cha chini. Kwa magoti ya mzee ngazi zilikuwa adhabu, na ukuta wake mrefu ulitazama kusini, upepo unakotoka mwezi wa saba. Gozbert alichora kwa mkaa ukutani dirisha la futi nne. Auleria alilifuta kwa khanga, akachora la futi saba.

Isack aliliangalia, akapiga mluzi. Ukuta wa futi mbili, alisema, si biskuti. Alifanya kazi siku nne na msaidizi, wakitangulia na lenta ya zege ya kubeba ukuta juu kabla ya kubomoa chini. Siku ya pili walikuta moja ya yale mawe marefu likikatiza mahali pa ukingo wa dirisha, na Isack alitaka kulikata. Mzee alivua saa, akachukua patasi, akamwonyesha jinsi ya kulizunguka: hilo limeshika kuta mbili, ukiliondoa zinaachana. Waliliacha likatokeza kidogo ndani, usawa wa kiti. Mabaki ya mfuko wa sementi yalitosha kumalizia mfereji. Isack aliuliza kama azibe. Gozbert akamtazama mkewe, mkewe akasema ziba.

Bahiya alikuja kuchukua vikombe vyake. Alikuwa mwanamke mkubwa, Mwarabu wa Kishihiri, mwenye duka hapo kona tangu Madale ikiwa mikorosho, na hakuwahi kuficha maoni. Alisimama uani, akalitazama lile pengo, akasema nyumba sasa imefumbua jicho, la pili lini. Kisha akavihesabu vikombe, vilikuwa sita, akaenda zake.

Fremu ilikuwa bado kwa fundi seremala. Alasiri ya siku ya nne, Isack alipoondoka, wazee wawili waliketi mbele ya pengo tupu, yeye Auleria juu ya lile jiwe lililotokeza, mzee kitandani. Upepo ulipanda kutoka bondeni, ukaingia na harufu ya nyasi zilizokatwa, ukapita chumbani hadi mlangoni na kupanda vidato kuelekea sebuleni. Lilikuwa jambo geni, kusikia mapazia ya nyumba ile yakipiga.

"Walikuwa wangapi?" Auleria aliuliza.

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Kumi na mmoja."

"Na majina yao?"

"Walikuwa na namba masikioni. Majina niliwapa mimi, kimoyomoyo. Sikutaka mtu asikie."

Akaanza kuwataja, polepole, akinyoosha kidole kwenye sakafu mpya kana kwamba bado wamejipanga. Bihogo, kwa sababu ya rangi. Gaju. Siina. Hayo yalikuwa majina ya ng'ombe wa babu yake. Kamachumu, mzito wa kuamka. Katekista, aliyekuwa akitikisa kichwa kama anayekubali kila neno. Aliendelea hivyo, kila mmoja na tabia yake, nani alikuwa na kiwele kibovu, nani alilamba koti lake hadi kola ikaisha. Auleria alihesabu kwa vidole.

"Hao kumi."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Wa kumi na mmoja alilala karibu yangu. Tulitenganishwa na mfereji tu. Usiku wa baridi kali nilikuwa naingiza mikono chini ya shingo yake."

"Aliitwaje?"

"Auleria."

Mwanamke wa pwani angesimama na kudai heshima yake. Bahiya angempeleka mzee mahakamani. Lakini Auleria alizaliwa mahali ambapo bibi harusi husifiwa kwa macho ya ndama, na aliyemsifia alikuwa bwana mifugo. Alilipima jambo hilo kwa muda, upepo ukimpiga shingoni.

"Alikuwa anatoa maziwa?"

"Lita ishirini na mbili kwa siku. Hakuna aliyemfikia. Na hakuwahi kupiga teke hata mara moja."

"Basi hakuwa mimi," alisema Auleria, akasogea kwenye jiwe ili mzee naye apate nafasi ya kukaa.